Jinsi Kuku wa Immaculate Walivyotathminiwa

Ukiona mtu amevaa kikoti kisicho na mikono, chenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani, amesimama kwenye steji ya Navakholo na tableti mkononi akiuliza njia, usihangaike kumuuliza kazi yake. Huyo amekuja kututathmini. Nimewabeba wengi kwenye pikipiki yangu, na siku hizi nawatambua kabla hawajafungua mdomo, maana hufuta kiti kwa leso kabla ya kukaa, halafu wakiambiwa jambo wanauliza tena kana kwamba mara ya kwanza ulikuwa unajaribu sauti.

Mimi ni Farouk. Kwetu ni Matungu, nilioa huku Navakholo nikabaki, na pikipiki ndiyo inayonilisha mimi na watoto. Nasema hivi mapema ili msije mkadhani haya niliyaokota sokoni. Nilikuwepo. Nilibeba, nilichinja, nilikula, na hadi leo nikikumbuka nakasirika upya.

Lakini wa kusimuliwa hapa ni Immaculate, binti wa Mzee Wanjala. Alisoma chuo Kakamega mjini, akatoka na diploma ya mambo ya ofisi, akaajiriwa kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, karibu na soko kuwaandikia watu barua za kuomba kazi. Aliwaandikia wengi. Wengine walipata hizo kazi, yeye akabaki pale pale anaandika, mpaka saiba ikafungwa naye akarudi nyumbani na begi lake na feni ya mezani, ambayo mwenye saiba alimpa badala ya mshahara wa mwisho. Nyumbani kwao hakukuwa na stima. Mama yake, Mama Teresa, aliiweka ile feni juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha maua.

Kitu kimoja kuhusu Immaculate: ni mtu wa kuchukua maneno kwa uzito. Ukimwambia maji yachemke mpaka yatoe povu, atasimama pale mpaka povu litoke, hata kama wewe ulikuwa unaongea tu. Ndiyo maana yale mafunzo ya mradi wa kuku yalimpata vibaya. Aliyaamini.

Mradi wenyewe uliitwa Kuku kwa Vijana. Walikuja na gari jeupe, karatasi kubwa za kubandika ukutani, kalamu za rangi, na fulana za kijani zenye picha ya kuku kifuani, ambaye ukimfua mara ya kwanza anabaki mdomo na mguu. Ukumbi ulikuwa wa kanisa. Nami niliingia siku ya kwanza, nilisikia kuna chakula cha mchana. Asubuhi yote ilikwenda kwa kujuana. Kila mtu aseme jina lake na mnyama anayefanana naye, watu wazima wenye watoto shuleni wanasimama wanasema mimi ni twiga. Kisha makofi ya mvua, makofi ya treni, makofi ya kuamsha akili, na kuku hajatajwa bado.

Halafu tukagawiwa karatasi: kabla ya mafunzo haya, ujuzi wako ulikuwa kiasi gani, kutoka moja hadi tano? Willis, mwenyekiti wa kikundi, akapita kwenye viti akinong'ona kwamba tuandike moja, ili siku ya kufunga tuandike tano na wageni waone wametufikisha mbali. Willis anaielewa hiyo kazi. Ana cheti cha ufugaji wa nyuki, cheti cha uyoga, cheti cha samaki na cheti cha parachichi, vyote vimetundikwa sebuleni kwake, na nyuki pekee aliyewahi kushughulika naye ni yule aliyemuuma shingoni kwenye mazishi.

Immaculate aliandika tatu. Willis akamwambia anawaharibia watu. Immaculate akamjibu kwamba kuku amewashika tangu utoto, hawezi kusema eti hajui lolote.

Mafunzo yalipoisha, kila kijana akapewa vifaranga wa kike waliokwishaota manyoya na jogoo mmoja wa mbegu nzuri. Wengi wetu tunajua safari ya kuku wa mradi. Anakaa wiki chache, anakuja kuwa karo, anakuja kuwa dawa, au anakuja kuwa mchuzi. Immaculate yeye alijenga banda lililoinuliwa juu ya nguzo, akaweka vumbi la mbao chini, akawa anachanganya chakula mwenyewe kwa mahindi, mashudu ya alizeti na omena. Siku ya chanjo aliwatia kuku matone machoni kabla jua halijapanda, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimwambia pole. Nilimcheka. Kideri kilipopita kwenye vijiji vyetu na kuacha mabanda matupu, banda lake halikupoteza hata kuku mmoja, na hapo nikaacha kucheka.

Jogoo alimpa jina la Meneja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ni kwa sababu huzunguka siku nzima kifua mbele, hana kazi inayoonekana, lakini siku asipokuwepo hakuna kitu kinachosonga. Alikuwa jogoo kweli, mwekundu, mzito, na alikuwa na tabia ya kumfuata Immaculate hadi mlango wa jikoni.

Sasa mjue alikuwa anatafuta nini, kwa sababu haikuwa mayai tu. Nyuma ya jikoni ya Mzee Wanjala kuna robo ekari. Mzee ana miwa upande wa mbele na mahindi upande wa chini, na ile robo ilikuwa imekaa kwa magugu. Immaculate aliiomba. Akataka iwe yake, iwekwe alama, ajenge mabanda. Baba zake wadogo walicheka wakashika mbavu. Binti na shamba wapi na wapi. Wanajua Katiba inasema nini, ila hawajawahi kuiona ikija Navakholo kupima mipaka.

Mzee Wanjala hakucheka. Alisimama mbele ya ndugu zake akasema hivi: mradi umeahidi mashine ya kuangulia vifaranga kwa kijana mmoja atakayekutwa na kuku wenye afya pamoja na jogoo wa mbegu siku ya tathmini ya mwisho. Mashine ikija katika boma lake, robo ekari ni ya Immaculate. Isipokuja, ataikodisha kwa mtu wa miwa, na mambo ya kuku yaishe. Na kila mtu huku anajua Mzee Wanjala harudi nyuma kwa neno lake. Analionea fahari hilo kuliko ng'ombe wake. Immaculate alikubali palepale, kwa sababu akiwatazama kuku wake aliona mashine tayari imeshafika.

Ndipo akaja Sydney.

Sydney ni mtoto wa Malava, hapo tu, ila anakaa Nairobi na alitumwa na kampuni ya huko iliyopewa kazi ya kupima kama mafunzo yalitujenga. Mtu mchangamfu, mwenye shavu, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Alinikodi nimzungushe nyumba kwa nyumba hadi amalize. Nilifurahi, nawaambia ukweli, kazi ya siku kadhaa mfululizo si mchezo.

Boma la kwanza tulifika kabla ya saa sita. Kijana wa pale alikuwa na kuku wake watano wanachakura uwanjani. Mama yake akatuona, akaona kikoti, akaona tableti, akaita mtu amshike mmoja. Sasa kwetu Magharibi mgeni haendi bila kuku, hilo halihitaji maelezo. Na kwa vile mimi ni Mwislamu na nitakula pia, kisu kinaletwa kwangu, nichinje ili wote tule bila shida. Nikachinja. Tukakalishwa. Obusuma, ugali wetu, ikaja, mchuzi ukaja, firigisi akapewa Sydney kama mgeni wa heshima, mimi dereva nikapewa shingo. Tulipomaliza, Sydney alinawa mikono, akafuta vidole kimoja kimoja kwa karatasi laini ili asichafue tableti, akatoka uwanjani na kuhesabu kuku. Wanne.

Boma la pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Kulikuwa na nyumba moja ya mama mjane ambapo kijana alikuwa amebakiwa na tetea mmoja wa mradi. Akachinjwa huyo. Sydney akala, akashukuru kwa maneno matamu mpaka mama akalengwa na machozi, kisha akatoka nje akatazama kushoto na kulia, akabonyeza tableti: hakuna kuku.

Njiani nikamuuliza, "Sydney, kwani huwezi kuhesabu kwanza ndio ule?"

"Farouk, tathmini inakuwanga na hatua zake," akasema nyuma ya mgongo wangu. "Hatua ya kwanza ni kujenga ukaribu na mkulima. Huwezi kufika tu kwa mtu unaanza kumhesabia mali."

"Si basi ukatae kula."

"Nikatae? Mimi mtoto wa Malava nikatae kuku wa mama wa watu? Watasema nimesoma nikaanza kuringa."

Na alikuwa anajua anachosema, hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia. Angekuwa mtu wa mbali asiyejua desturi, ningemsamehe. Huyu alijua kila boma litachinja, alijua hakuna atakayethubutu kumwambia ngoja, na alipanga ratiba yake ikafika kila nyumba wakati sufuria iko motoni. Maswali nayo yalikuja baada ya kula. Je, mafunzo yalikusaidia sana, kiasi, au kidogo? Mwambie mgeni kidogo, mifupa ya kuku wako ikiwa bado kwenye sahani yake, uone mama yako atakufanya nini. Wote walisema sana. Kwa hiyo kwenye tableti ile watu walisaidika sana na hawakuwa na kuku.

Boma la Wanjala lilikuwa la mwisho. Jioni iliyotangulia nilipita kwa Immaculate nikamweleza yote. Alinisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo, kama alivyozoea, kisha akasema, "Basi nitampikia kabla hajachinjiwa."

Asubuhi alikwenda buchari ya Navakholo kwa pesa zake za mayai akarudi na nyama ya ng'ombe ya kutosha harusi ndogo. Akapika na mamake, mchuzi mzito, na mrenda, na chapati juu yake. Kuku wote akawafungia bandani, Meneja akiwemo. Nilipoegesha pikipiki mchana na kumteremsha Sydney, uwanja wa Mzee Wanjala ulikuwa umefagiwa na hakuna hata unyoya.

Immaculate alitupokea, akasalimia, na kabla Sydney hajakaa akamwambia, "Karibu uone banda kwanza, Kaka Sydney. Chakula kiko tayari, kitakungoja."

"Banda tutaliona, dada," Sydney akasema, na huku ameshavuta kiti. "Kwanza tujuane na mzee."

Wakajuana. Mzee akauliza ni mtoto wa nani huko Malava, ukoo gani, mjomba ni nani, wakakuta kuna bibi aliyeolewa upande huu zamani, na Mzee Wanjala akafurahi kuona aliyekuja si mgeni tu, ni mtu wa kwao. Mama Teresa akaleta nyama. Mzee akafunua bakuli, akatazama ndani, akafunika tena polepole.

"Hii ni nini?" akamuuliza mkewe.

"Nyama, Baba Immaculate."

"Ya kununua?"

Mama Teresa akageukia chapati. Na wakati huohuo, kwa bahati mbaya ambayo sijui niilaumu kwa nani, Meneja akawika kule bandani, kuwika kurefu kwa kujitosheleza. Sydney akainua kichwa na kutabasamu. "Huyo ana sauti nzuri," akasema.

Kwa watu wa rika la Mzee Wanjala, ukisifu kitu cha mwenye boma mbele yake, umekiomba. Sydney alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Mzee akasimama, uso umemwiva kwa aibu, akanishika bega na kunivuta nje hadi nyuma ya jikoni. Immaculate akatufuata.

"Mnataka kuniaibisha," Mzee akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto wa watu ametoka Nairobi, nimpe nyama ya kupimiwa kwa mizani, na ingokho, kuku mzima, analia hapa anamsikia? Farouk, chukua kisu."

"Baba, ale nyama," Immaculate akasema. "Tafadhali. Akimaliza kuhesabu nitamchinjia tetea hata wawili abebe."

"Tetea hapana. Tetea anataga, mimi si mjinga, sitaki kukuharibia mradi wako. Nitachukua jogoo. Jogoo hatagi hata yai moja. Atakupunguzia nini?"

Jamani, nilimtazama yule mzee na nikaona anasema kwa moyo safi kabisa. Alikuwa ameketi pale barazani amepiga hesabu, akaona njia ya kumheshimu mgeni na kumlinda binti yake kwa pamoja, na alikuwa anangoja tumshukuru.

"Baba, yai bila jogoo halitoi kifaranga," Immaculate akasema. "Hata mashine ikija nitaweka nini ndani? Na jogoo wa mbegu ndiye anayeangaliwa kwanza. Baba, hiyo ni robo ekari unaitia kwenye sufuria."

"Jogoo wapo wengi Navakholo. Willis ana jogoo. Na punguza sauti, mgeni anasikia."

Immaculate alinigeukia. Machozi yalikuwa yamejaa machoni lakini hakuyaachia. "Kaka Farouk, nipe dakika moja." Nikasema kisu ni butu, nikaanza kukinoa kwenye jiwe, nikakinoa kama mtu anayetaka kuchinja fahali. Yeye akazunguka hadi barazani. Nilimsikia kila neno.

"Kaka Sydney, baba anataka kukuchinjia yule jogoo wa mbegu. Mwambie umeshiba. Au njoo umhesabu sasa hivi, kisha umle."

"Dada yangu, kazi ina utaratibu wake."

"Basi sema huli kuku. Sema daktari amekukataza."

"Mzee asimame mwenyewe aende kunichinjia, halafu nimwambie daktari? Nitatembea wapi Kakamega hii?" Kisha akaongeza kwa upole, kana kwamba anampa zawadi, "Usijali. Nitaangalia."

Mtu akikwambia ataangalia, jua ameshaangalia na ameona firigisi.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeingia bandani akatoka na Meneja kwapani. Nilisema bismillahi, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya ile tathmini iliyofanywa kwa utaratibu unaoeleweka. Immaculate alikataa kumnyonyoa. Mama yake ndiye aliyemnyonyoa.

Tulikula. Sydney alikula nyama pia, na chapati, asije akamvunja moyo aliyepika. Alinawa, akafuta vidole, akaenda bandani. Aliwahesabu kuku akastaajabu. Alisifu vumbi la mbao, akasifu maji safi, akapiga picha za nguzo. Alisema hajaona banda kama hili katika eneo zima, na Mzee Wanjala nyuma yake alikuwa anatikisa kichwa kama bwana harusi. Kisha akafika kwenye swali.

"Jogoo wa mbegu," akasoma. "Yupo, hayupo." Akatazama ndani ya banda, na juu ya nguzo, akatazama hata chini. "Hayupo."

"Yupo," Immaculate akasema. "Yuko tumboni mwako."

Kumwambia mgeni alichokula, tena mbele ya mwenye boma, huku ni kama kumvua nguo. Mzee Wanjala alifunika uso kwa kofia. Sydney alicheka kidogo, akatazama tableti, akasema fomu ina nafasi mbili tu, yupo na hayupo.

"Andika kwa maelezo."

"Maelezo hayaingii kwenye hesabu, dada. Ila ukimwazima wa jirani nikampiga picha hapa, nitaweka yupo."

"Nikuwekee jogoo wa mtu uandike ni wangu?"

"Watu wengi wanafanyanga hivyo."

"Sitaki," akasema. "Huyo alikuwepo. Kila mtu hapa amemuona, na wewe umemjua kuliko wote."

Hapo Mzee Wanjala alishusha kofia. "Kijana," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya barazani, "nimekuchinjia jogoo wa binti yangu, umekula, umeshiba, na sasa unaandika hana jogoo?"

"Mzee, si mimi. Ni fomu."

Nilimrudisha mjini jioni ile. Kila shimo la barabara ya murram niliyoijua, nilipita ndani yake.

Matokeo yalisomwa Kakamega mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, picha zikimulikwa ukutani. Watu wa mradi walinikodi nimpeleke Immaculate, na nikaingia kwa vile hakuna aliyenizuia mlangoni. Sydney alikuwa amevaa tai. Alionyesha mistari ya rangi ikipanda: ujuzi umepanda kutoka moja hadi tano, kuridhika kuko juu sana. Kisha mstari mwekundu ukishuka, ambao ndio kuku. Wataalamu wakajiuliza, inakuwaje kijana ajue kila kitu na asiwe na kuku? Sydney akabonyeza, pakatokea maandishi makubwa: vijana wana tabia ya kula mtaji. Nikaona watu wazima wanaandika hayo maneno kwenye daftari zao. Dawa yake ilikuwa mafunzo mengine, ya nidhamu, wiki nzima, na chakula kitakuwepo.

Mashine akapewa Willis. Jogoo wake alikuwepo, na siku Sydney alipofika kwake alichinjiwa kuku aliyeletwa kutoka kwa shemeji yake Willis. Hadi leo mashine iko sebuleni chini ya vile vyeti, na mke wake anaweka blanketi ndani.

Immaculate aliinua mkono. Alipopewa nafasi alisimama akauliza, "Katika utafiti wako, uliuliza ni nani aliyekula huo mtaji?" Mwenye kuongoza mkutano akasema swali ni zuri sana, lakini muda umekwisha na chakula kiko tayari. Kilikuwa kuku. Immaculate alitoka nje akanunua mahindi ya kuchoma kando ya barabara, nikamkuta ameketi kwenye pikipiki yangu anatafuna na kulia kwa pamoja.

Mnadhani Mzee Wanjala aligeuza neno lake? Hamumjui. Nilikuwa na hakika atalegea, maana aliumia, hilo niliona, siku kadhaa hakutoka kwenda kwa wenzake. Lakini alikuwa amesema mbele ya ndugu zake kwamba mashine isipokuja, robo ekari itakodishwa, na mashine haikuja. Mtu wa miwa akaja na kamba yake ya kupimia. Yule mzee angemwomba binti yake msamaha usiku na mchana, ila kwake kula neno lake mbele ya ndugu wale ilikuwa haiwezekani. Basi akamwachia binti ndiye alipe ili heshima ya baba ibaki nzima.

Siku trekta ya kulima ilipokuja, Immaculate aliniita na matenga. Alikuwa amepata uwanja wa kukodi Malava, nyuma ya duka la mbao kando ya barabara ya Webuye. Tulikuwa tunawafunga tetea miguu Mzee alipotoka nyumbani.

"Unawapeleka wapi kuku wangu?" akauliza.

Immaculate hakuinua kichwa. Alimaliza fundo lake kwanza. "Kuku wako ulimla na Sydney, Baba. Hawa ni wangu."

Mama Teresa alikuwa amesimama mlangoni. Nilingoja amkemee binti yake. Aliingia ndani, akatoka na ile feni ya mezani, pamoja na kitambaa chake cha maua, akaniambia niifunge vizuri nyuma, kwa kuwa Malava stima ipo.

Immaculate anaendelea huko. Amenunua jogoo mwingine wa mbegu, anauza vifaranga kwa watu wa Malava na hata wa Kakamega, na mtu akija na kikoti anamwambia ahesabu mwenyewe, chai iko hotelini ng'ambo ya barabara.

Mwezi uliopita Mzee Wanjala alipata wageni, wazee wa upande wa wakwe wa mwanawe wa kiume, watu ambao huwezi kuwawekea sukuma wiki. Bandani kwake hakuna kitu, ni miwa mpaka ukutani. Akanituma Malava nikamletee kuku wawili, wakubwa, kutoka kwa Immaculate.

Nilimkuta anachanganya chakula. Nikamweleza. Akaniuliza, "Amekutuma na nini?"

"Na salamu."

"Basi mrudishie salamu zangu, nyingi," akasema, akaendelea na kazi yake.

Mzee alikuwa ananingoja langoni. Alitazama keria ya pikipiki, tupu, akanitazama mimi. Nikamwambia binti yake anamsalimu sana. Ndani wageni walikuwa wanacheka juu ya jambo fulani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kuku mmoja huko Malava anauzwa aje.

"Mimi sijui bei zake, Mzee. Mpigie mwenyewe."

Akatoa simu mfukoni, akavaa miwani, akaanza kupekua majina. Alipekua akashuka chini, akapanda juu, akashuka tena. Mwishowe akaninyooshea ile simu, bila kunitazama, akaniomba nimwandikie namba ya mtoto wake.